Terça si Jumatatu: Kireno cha msafiri Mswahili

Niliingia Lichinga, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, jioni moja nikitokea Songea kwa njia ya mpaka wa Mkenda, vumbi hadi kwenye kope, na mfukoni nina karatasi yenye sentensi 40 za Kireno nilizokuwa nimezikariri kwa ghaibu. Nilijiona nimeiva. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikamfuata dereva wa fuso aliyekuwa akipakia maharage ya kupeleka Cuamba, nikamsalimu, nikamuuliza anaondoka lini. Akajibu bila kuinua kichwa: "Terça, às cinco." Nikasema obrigado, nikaondoka natembea kwa maringo.

Nilichosikia ni tatu na tano. Terça nikaiona ndugu yake três, yaani tatu. Cinco ni tano, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Basi Jumatatu, saa tano. Jumatatu hiyo nikafika na begi mapema kabisa. Fuso lipo, dereva hayupo, turubai halijafungwa. Mama mwenye nyumba ya wageni aliponiona narudi alinihurumia. "Filho," akaniambia, "terça é amanhã." Mwanangu, terça ni kesho. Haya. Jumanne saa tano nikarudi tena. Safari hii nilikuta alama za matairi na kuku wanadonoa punje za maharage. Fuso lilikuwa limeondoka alfajiri.

Nimeisimulia safari hiyo mara nyingi na watu hucheka, nami hucheka nao, ila kuna jambo nililoligundua pale Lichinga ambalo sijaliona limeandikwa kwenye vile vitabu vidogo vya misemo ya wasafiri. Karatasi yangu yote ilikuwa ya maswali. Kuna nini, kiko wapi, ni bei gani, lini, saa ngapi. Hakuna hata mstari mmoja wa majibu. Nilikuwa nimejifunza kurusha mpira bila kujifunza kuudaka.

Ukiuliza swali kwa Kireno kizuri, unayemuuliza anaamini unakijua. Atakujibu kwa kasi ileile anayomjibia jirani yake. Kadiri swali lako lilivyonyooka ndivyo utakavyomwagiwa maneno. Kwa hiyo mtu akiniambia anakwenda Msumbiji na ana wiki mbili za kujiandaa, namwambia wiki ya kwanza asijifunze swali lolote. Ajifunze majibu. À direita, kulia. À esquerda, kushoto. Em frente, mbele moja kwa moja. Perto, karibu, longe, mbali. Hoje, leo, amanhã, kesho. Já, tayari, ainda, bado. Acabou, imekwisha. Não há, hakuna, na hili utalisikia kuliko yote, hasa likifuatwa na troco, maana chenji ni tabu huko kama ilivyo kwetu. Maneno hayo hayafiki 20. Ukiyadaka hayo, hata ukiuliza kwa kidole tu utafika.

Kisha siku na saa, na hapa Mswahili ana mtego wake mwenyewe ambao Mzungu hana. Mwingereza akisikia segunda-feira analikariri kama jina jipya, basi. Sisi tumezoea siku zenye namba, kwa hiyo tunaisikia namba na kuirukia. Segunda ni ya pili, nawe unadhani Jumapili. Kumbe ni Jumatatu. Terça ni ya tatu, nayo ni Jumanne. Quarta ni ya nne, nayo ni Jumatano. Sisi tunaanza kuhesabu na Jumamosi, siku ya mosi. Wao hesabu yao inaanzia Jumapili, ingawa wenyewe huiita domingo, siku ya Bwana, na kuificha namba yake. Ndiyo maana tunapishana kwa moja kila siku, mpaka Alhamisi. Hapo tunakutana. Quinta ni ya tano, na Alhamisi nayo ni ya tano, kwa kuwa jina lake tulilichukua kwa Waarabu ambao nao huhesabu tangu Jumapili. Wiki ya Kiswahili ina tano mbili, Jumatano na Alhamisi, na miaka yote niliyosoma shule hakuna aliyewahi kunionyesha hilo. Nilikuja kuliona Lichinga, nimekaa juu ya begi.

Saa ni jambo jepesi zaidi kulieleza lakini ndilo lililoniacha na kuku. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo cinco ni saa kumi na moja alfajiri na sete ni saa moja asubuhi. Ongeza au punguza sita. Na kama simu yako haijashika mtandao wa kule, kumbuka kwamba saa ya Msumbiji iko nyuma ya saa ya Tanzania na Kenya kwa saa moja. Ukimpata mtu mwungwana, mwombe akuandikie. Mimi sasa hivi natoa kalamu bila aibu.

Namba za fedha nazo zina vijimitego. Sessenta ni 60 na setenta ni 70, na sokoni wanaotamka haraka huzifanya pacha. Cem ni 100, quinhentos ni 500, mil ni 1,000. Fedha yenyewe ni metical, zikiwa nyingi meticais. Ukiliangalia jina hilo vizuri utamwona mzee wetu mithkali ndani yake, kipimo cha dhahabu cha Waarabu. Nilipoligundua hilo nilianza kuacha kuiogopa lugha hii.

Maana ukweli ni kwamba hatuanzi patupu. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Fort Jesus pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593. Waomani wakaiteka mwaka 1698. Karne mbili za purukushani, na Wareno walipotolewa wakaacha vyombo vyao mdomoni mwetu. Mesa ndiyo meza. Bandeira ndiyo bendera. Lenço, kitambaa cha mkononi, ndiyo leso. Caixa ni kasha, fronha ni foronya, parafuso ni parafujo, vinho ni mvinyo. Igreja, kanisa, ndilo neno lililotupa gereza, na ukiona kibao cha Igreja barabarani usikimbie. Na ukienda kwa wacheza karata wa Zanzibar au Mombasa, kopa, shupaza, uru na pau ni copas, espadas, ouros na paus, na turufu ni trunfo.

Hiyo pau iangalie lakini. Mkate ni pão, na hiyo ão hutoka puani, kama mtu mwenye mafua anayesema "paun" bila kuimaliza n. Ukiisahau pua ukaagiza pau, umeomba kipande cha mti, na kuna maana nyingine ya mtaani ambayo sitaiandika hapa. Kwa yaliyobaki tunaweza kusaidiwa na ulimi wetu: nh ni ny kama ya nyanya, x ni sh, ch nayo ni sh. Kwa hiyo lile neno machamba unaloliona kwenye Kireno cha Msumbiji, lenye maana ya shamba, lisome kwa sauti. Umelisikia? Na xima, ugali wao, ni shima. Mtu wa Pwani ya Kenya anayekula sima hahitaji mkalimani mezani. Matapa ni kisamvu cha nazi na karanga. Capulana ni kile kitambaa ambacho mama zetu wangekiita kitenge na kukifunga vilevile.

Hapa ndipo ninapogombana na programu za simu. Nyingi zinafundisha Kireno cha Brazili. Sina ugomvi na Wabrazili, lakini mimi nakaa upande huu wa mto Ruvuma, unaotutenga na Msumbiji. Programu ikanifundisha kwamba basi ni ônibus, choo ni banheiro, treni ni trem, kifungua kinywa ni café da manhã. Msumbiji choo ni casa de banho na treni ni comboio. Basi kubwa wanaliita machimbombo, daladala zao ni chapa. Kifungua kinywa ni matabicho, kwa maana ya kuua mdudu, yule anayenguruma tumboni asubuhi. Watakuelewa ukisema Kibrazili, maana tamthilia za Brazili zimewafikia, ila watakujibu kwa chao, na tumeshaona majibu ndiyo yenye kazi. Kama una rafiki Mmsumbiji, hata mmoja, akurekodie sauti kwenye simu dakika tano. Nazithamini hizo kuliko mwezi mzima wa kulisha yule ndege wa kijani wa programu ya Duolingo.

Kuna jambo moja la Kireno cha Msumbiji ambalo nililipenda papo hapo. Programu inakufundisha quero água, nataka maji. Ni sahihi, na ni ya kibabe. Wenyeji niliowasikia mimi wanasema estou a pedir água, ninaomba maji. Si ndivyo unavyosema dukani Tanga au Dar? Hakuna anayeingia dukani kwa mangi akasema nataka sukari bila kuonekana amelelewa na redio. Naomba sukari. Sasa chukua estou a pedir, iweke mbele ya kitu chochote unachokijua jina, na kama hujui jina onyesha kwa kidole. Sentensi hiyo moja ilinilisha, ikanilaza, ikaniwekea chaji ya simu.

Na kabla ya kuomba, salimia. Hili sidhani kama nahitaji kumfundisha Mswahili, lakini nimewaona wenzetu wakifika ugenini wanaacha salamu mpakani pamoja na shilingi. Bom dia mpaka adhuhuri, boa tarde mchana na jioni, boa noite giza likiingia. Kisha como está, nawe unajibu estou bem, obrigado. Mwanamke anasema obrigada. Neno hilo linamfuata anayeshukuru, halimwangalii anayeshukuriwa, na kwetu sisi ambao yeye ni yeye, mume au mke, linatupiga chenga wiki nzima. Mzee mwite papá au senhor, mama mtu mzima mwite mamã, kijana mwenzio mwite mano, dada mana. Ukibisha hodi, sema dá licença. Kama hujasalimia, gramatika nzuri haitakusaidia kitu.

Kuna watakaoniuliza, ya nini yote haya, si Kiswahili kinatosha? Kinatosha mpaka mahali fulani. Cabo Delgado, jimbo la kaskazini kabisa, kuna Wamwani ambao Kimwani chao kinakaribiana sana na Kiswahili, na kuna Wamakonde na Wayao waliopo pande zote mbili za mto. Kuna pia wazee walioishi Tanzania miaka ya vita vya ukombozi. FRELIMO yenyewe, chama kilichoongoza vita hivyo, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mzee mmoja wa aina hiyo alinishika mkono njiani akanisimulia Nachingwea, kambi yao ya mafunzo huku Tanzania, kwa Kiswahili cha miaka ya sitini, fasaha kuliko changu. Lakini ukishuka kusini hadi Nampula, Kiswahili kinakonda. Huko utasikia Kimakua, nacho kina ukarimu wake: ukisema salama umesalimia, ukisema koshukuru umeshukuru. Maneno hayo mawili yalinipatia tabasamu ambazo Kireno changu chote hakikuzipata. Ila tiketi, barabara, kituo cha polisi na bei ya hoteli ni Kireno.

Kuhusu askari barabarani, neno la kujua ni refresco. Kwa kawaida ni soda. Njiani, likitamkwa taratibu na mtu aliyeshika pasipoti yako, ni kile sisi tunachokiita chai. Mimi nilijifanya sielewi. Ni mara pekee ambapo kutojua jibu kulinifaa.

Nilifika Ilha de Moçambique wiki moja baada ya kuachwa na fuso. Unavuka daraja refu jembamba, bahari huku na huku, unaingia kisiwa kidogo chenye nyumba za mawe upande mmoja na za makuti upande mwingine, na kwenye ncha kuna ngome ya São Sebastião na kikanisa cha mwaka 1522. Ukitoka Lamu au Mji Mkongwe utadhani umepotea ukarudi kwenu. Siku yangu ya mwisho kabla ya kuondoka nilikuta vijana wanne chini ya mti wanacheza karata. Nikasimama pembeni. "Copas," mmoja akatupa. "Espadas." Mwingine akapiga ubao kwa kiganja: "Trunfo!" Sikuhitaji karatasi yoyote. Nikasema boa tarde, nikaomba nafasi, estou a pedir, wakasogea.

Walinifunga michezo minne. Walicheka kila nilipotamka uru badala ya ouros, lakini walielewa nilichotupa. Aliyekuwa upande wangu, ambaye ndiye aliyeumia zaidi, aliniuliza naondoka lini.

"Quinta," nikamwambia. "Às cinco da manhã."

Akahesabu kwa vidole, akachanganya karata upya. Ilikuwa Jumatano, na jua lilikuwa bado halijazama.