Buibui wa ukutani mwacheni

Najua wengi hapa Mtwara hamtakubaliana nami, lakini yule buibui mkubwa, bapa, wa kahawia, anayeenea kiganja akinyoosha miguu, hastahili ndala wala dawa ya kopo.

Kwanza anabebeshwa kosa la mwenzake. Utando wa vumbi unaoning'inia kwenye pembe za dari ni wa yule mwembamba mwenye miguu mirefu, ambaye ukimgusa hutikisika mpaka macho yanakuchezea. Huyu wa ukutani hatandi utando wa kunasia. Mchana hujibanza nyuma ya kabati au kalenda, miguu kaitandaza kando kama kaa. Taa zikizimwa anatoka kuwinda kwa mbio. Na anachokipenda ni mende. Humchoma sumu, humlainisha, humfyonza. Asubuhi ukikuta mabawa matupu chini ya kabati, fagia tu, usiulize.

Jike akitaga hutembea na mfuko wa mayai, mweupe, wa duara, kaukumbatia chini ya mwili. Hapo ndipo ndala huruka zaidi: "Watajaa nyumba nzima!" Hawajai. Vitoto vikianguliwa hutawanyika, na vingi huishia kwa mjusi kafiri, kwa sisimizi, au hulana vyenyewe.

Halafu kuna hili la gamba. Ukiona buibui mkavu, mwepesi, mgongo uko wazi, usimsifu muuza dawa. Mwenyewe kajivua, kakua, yupo nyuma ya mlango. Aliyekufa kweli miguu hujikunja ndani, maana buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini, na uhai ukikatika msukumo nao umekwisha.

Anauma? Ukimbana, ndiyo, na utasikia maumivu, lakini si sumu ya kuua mtu. Mimi naihofia zaidi ile dawa inayopulizwa chumbani, mtoto akalazwa humo humo.

Wazee wengi wa Mikindani na Lindi hukataza kumuua buibui kwa heshima ya kisa cha pango la Thaur, Mtume Muhammad alipojificha humo akihama Makka mwaka 622, buibui akatanda utando mlangoni, waliomsaka wakadhani hamna mtu. Nawaunga mkono, ingawa huyu ninayemtetea kazi ile asingeiweza.

Kama huwezi kabisa kulala naye chumba kimoja, mfunike kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini yake, kampeleke choo cha nje. Mende wako huko.