Kwani Saat Si Saba?

Mpango ule niliuandika wiki mbili nzima. Nasoma Bhubaneswar, huku Odisha, mashariki ya India, na Shangazi alikuwa amekuja Chennai kumpeleka Mjomba kwenye matibabu. Mjomba alipopata nafuu, wakasema hawawezi kurudi Tanga bila kuniona. Wakapanda treni, wakaja.

Nikasema mgeni wangu ataona vitu. Jumamosi saa moja kamili asubuhi tunaondoka na gari la kukodi. Saa mbili Pipili, kwa mafundi wa kushona miavuli na mapambo ya vitambaa vya rangi. Hapo nilitoa dakika ishirini tu, maana namjua Shangazi na vitambaa. Saa tatu Raghurajpur, kijiji cha wachoraji. Saa sita Puri, kwenye hekalu la mungu Jagannath. Saa tisa Konark, tulione hekalu la jua kabla jua lenyewe halijazama. Hata dakika za msalani niliziandika.

Konark ndiyo niliyoipigia debe zaidi. Nilimweleza Shangazi kwamba hekalu lilijengwa karne ya 13 kwa umbo la gari la mungu wa jua, magurudumu 24 ya mawe, linavutwa na farasi saba. Na jina lenyewe ni maneno mawili ya Kisanskriti: kona, yaani pembe, na arka, yaani jua.

"Kona ya jua," akasema Shangazi. "Kumbe Kiswahili tu."

Hapo ndipo ningeshtuka. Shangazi amekulia Tanga enzi za majumba ya sinema, na filamu za Kihindi alizoziona hazihesabiki. Anaamini Kihindi anakijua.

Ijumaa usiku nikiwa naoga, dereva akapiga simu kuthibitisha. Shangazi akapokea. Nilimsikia nikiwa bafuni: "Achha. Achha. Achha ji." Nilipotoka akaniambia kwa fahari, "Dereva wako amesema kal, saat baje. Kesho, saa saba."

"Saa saba? Mchana?"

"Saat ni nini? Saba. Na baje ni saa. Mimi siyo wa kufundishwa."

Na kweli, saat ni saba. Hata kal aliipatia, neno ambalo kwa Kihindi ni jana na ni kesho pia, linawachanganya hata wanaolisomea darasani. Neno gumu akalivuka, akaenda kuzama kwenye saba! Nami, mtu wa mwaka wa pili, ambaye kila siku naingia darasani kwa saa za Wahindi, nikanuna tu kwamba dereva amebadilisha muda bila kuniuliza. Nikachukua kalamu nikaupanga mpango upya. Simu nikaizima sauti, nikaiacha jikoni inachaji, nikalala.

Asubuhi, kwenye saa moja hivi, honi ikaanza chini ya dirisha. Piii. Piii. Nilisikia. Nikajifunika shuka nikijiuliza majirani gani hawa wasio na adabu. Honi ikaendelea mpaka Shangazi akaweka kikombe cha chai chini, akafungua dirisha, akatoa kichwa chote nje na kupiga ukelele alioutoa moja kwa moja kwenye filamu:

"Chup!"

Yaani nyamaza. Yule kijana akashuka garini, akaonyesha saa ya mkononi. Shangazi naye akaonyesha ya kwake. Kijana akatikisa kichwa kushoto kulia, kushoto kulia, mtikiso ule ambao huku ni "sawa, nimekuelewa". Shangazi akaona amekataa. Akafunga dirisha kwa kishindo, akarudi kwenye chai yake. "Nimemtimua," akaniambia. Nikamshukuru.

Saa saba mchana tulikuwa barabarani, Shangazi kavaa buibui jipya, mimi na karatasi yangu. Mjomba alibaki, alisema India ameshaiona dirishani mwa treni. Tulisimama kwenye jua mpaka saa saba na robo ndipo nikakumbuka kuangalia simu. Dereva alikuwa amepiga mara tisa. Ya kwanza: 6:55.

Nikamwonyesha Shangazi. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Kwani saat si saba?"

Nilipompigia, dereva alikuwa Cuttack na abiria wengine. Tukapanda basi. Konda akining'inia mlangoni akiita "Puri-Puri-Puri-Puri," Shangazi akasema anajisikia yuko Barabara ya Ishirini. Pipili tuliipita bila kusimama, miavuli ya rangi imening'inia kando ya barabara, Shangazi kashika kioo kwa mikono miwili. Tukashuka Chandanpur, tukachukua bajaji.

Raghurajpur ni mitaa miwili mitatu ya nyumba zilizotazamana, kuta zimechorwa mpaka milangoni, na karibu kila nyumba ni ya mchoraji. Ukipita, kila baraza inakuita. Tukaingia kwa mzee mmoja. Alitueleza kwamba turubai lao ni vitambaa viwili vilivyogandishwa kwa gundi ya kokwa za ukwaju, vikapakwa unga wa chokaa, vikasuguliwa kwa jiwe hadi vikalainika. Nyeupe yake inatoka kwenye kombe za baharini zilizosagwa, nyeusi ni masizi ya taa. Na rangi zote zilikuwa kwenye vifuu vya nazi, vimepangwa mbele yake sakafuni. Shangazi alipoviona vifuu, moyo wake ulitulia kabisa, kama yuko kwa dada yake Pangani. "Ukwaju, nazi, masizi," akasema. "Hawa ni watu wetu." Akaketi barazani.

Akaketi juu ya turubai lililoanikwa likauke.

Mzee hakusema kitu, alifumba macho tu. Mkewe ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akashika nguzo. Shangazi alipoinuka, nyuma ya buibui jeusi kulikuwa na mabaka mawili meupe ya duara, makubwa, yametazama mbele kama macho ya Jagannath kwenye picha zile ukutani. Mzee alikataa kulipwa turubai, basi Shangazi akanunua picha ya tembo bila kuomba punguzo, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Akajifunga kanga juu ya buibui. Ilikuwa imeandikwa SUBIRA YAVUTA HERI.

Puri tulifika jua likielekea kuzama. Ndani ya hekalu la Jagannath hawaingii wasio Wahindu, hilo tulilijua, tukasimama kwenye barabara kuu mbele yake. Ghafla watu wote wakainua vichwa. Mtu alikuwa anaupanda mnara, mita 65 za mawe, bila kamba, kwenda kubadilisha bendera juu kabisa. Hufanya hivyo kila siku jioni. Shangazi alishika mkono wangu, midomo ikimcheza kwa dua, na hakuniachia mpaka yule mtu aliposhuka. Kwenye mpango wangu, saa ile tungekuwa tunarudi nyumbani.

Konark hatukufika. Kwenye basi la kurudi konda alinipa chenji, noti ya rupia kumi, ile ya kahawia, na mgongoni mwake kuna gurudumu la Konark. Nikampa Shangazi. Akaisogeza kwenye taa.

"Farasi saba wako wapi?"

"Hawakuenea."

Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mjomba alikuwa macho tulipofika. "Haya, na hiyo Konark mmeiona?"

Shangazi akafungua pindo, akamwekea noti mkononi. Mjomba akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kiingilio rupia kumi tu? Mngeniambia, ningekuja."