Nyumba ya shamba ya kale Uingereza: deni liko bandani

Nyumba ya shamba ya kale ikitangazwa kuuzwa Uingereza, pamoja na ekari zake, zizi na ghala la nafaka, wapo watakaokwambia ukimbie. Jengo likishaingia kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, wanasema, mwenye nyumba ni halmashauri. Wewe ni mlipaji tu. Wengine huona hofu hiyo imetiwa chumvi.

Hawa wa pili wana hoja. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo yaliyoorodheshwa yako Daraja la II, la chini kabisa kati ya madaraja matatu. Kubadilisha hakukatazwi, ila uombe kibali kwanza, na ombi lenyewe halina ada. Tena kilichoziumiza nyingi ya nyumba hizi ni ukarabati kuliko uzee. Kuta zilijengwa kwa chokaa ili unyevu upate pa kutokea. Akaja mtu na saruji, unyevu ukafungiwa ndani, ukuta ukaanza kumomonyoka. Fundi wa Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Wanaosema kimbia wanakosea mlango tu. Wangetazama uani. Mabanda yaliyomo katika kiwanja cha nyumba, yakiwa yalijengwa kabla ya 1 Julai 1948, kwa kawaida huhesabiwa sehemu ya jengo lililoorodheshwa hata kama orodha haikuyataja. Ghala unalotaka kuligeuza nyumba ya wageni linadai kibali kilekile. Na wakikutwa popo darini, wanaolindwa na sheria ya mwaka 1981, mafundi watasubiri.

Kisha kuna aliyekutangulia. Kubadilisha jengo lililoorodheshwa bila kibali ni kosa la jinai, na kifungo chaweza kufika miaka 2. Alichofanya yeye hakikupeleki wewe jela, lakini halmashauri inaweza kukuamuru urudishe madirisha ya mbao aliyoyang'oa akaweka ya plastiki, hata miaka 30 baadaye, hakuna ukomo. Utalipia na VAT ya asilimia 20, maana nafuu iliyokuwapo kwa mabadiliko yenye kibali ilifutwa Oktoba 2012.

Ardhi hupoza machungu kidogo. Ikiwa inalimwa kweli, ushuru wa stempu unaweza kukokotolewa kwa viwango vya mali mchanganyiko, yaani makazi pamoja na shamba, ambavyo havizidi asilimia 5. Farasi wawili wa binti yako si kilimo. Mamlaka ya kodi imeshabishana na wanunuzi wengi kwa jambo hilo.

Mimi ningenunua, lakini mkaguzi wangu awe mtu anayeijua chokaa, na aanzie bandani. Wakili naye alinganishe kila dirisha na vibali vilivyomo kwenye mafaili ya halmashauri. Orodha hugusa hata ndani, kwa hiyo muuzaji aliyebomoa ukuta wa zamani apate jiko kubwa aonyeshe kibali chake. Akikosa, gharama ya kuujenga upya ikatwe kwenye bei kabla sijatia saini.