Paka Ninaye, Panya Ninao

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Sawa, na akiwepo je? Hapo wahenga walinyamaza, wakatuachia sie wa Ngamiani, Tanga, tujionee wenyewe. Nyumbani kwangu paka yupo, hajaondoka hata kwenda msibani, na panya wametawala, wameapishwa, sasa hivi wako muhula wa pili.

Mie fundi cherehani. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya zamani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, bati juu na dari ya mbao chini yake. Baraza la mbele ndiyo ofisi yangu, lakini jioni kila kitu hurudi ukumbini, cherehani, meza ya kukatia na nguo za watu. Nguo za watu, nasema, maana za kwangu panya hawazigusi. Nina suruali yangu ya poliesta iko juu ya kiti tangu Mfungo Mosi, salama salimini. Lakini acha hapo khanga ya pamba safi, au kitambaa cha kanzu cha mteja mwenye mdomo, asubuhi utakuta kimetobolewa dirisha usawa wa kitovu, duara limekaa sawa, hata mie na mkasi wangu silipati vile.

Paka anaitwa Mgambo. Aliletwa na mama mkwe kutoka Pangani, ndani ya kikapu, na maneno haya: "Baba, nimekuletea mtu wa kazi." Mama mkwe akileta kitu hukikagui, unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Jina nilimpa mie baada ya kumtazama utendaji wake. Mjusi anayejitafutia nzi zake ukutani, huyo atafukuzwa mpaka aache mkia. Panzi atakamatwa. Kipepeo, ambaye kosa lake hata mahakamani halitajiki, atarukiwa. Panya wa darini akishuka na kipande cha nazi mdomoni, Mgambo anageuza uso upande wa pili na kuanza kujilamba.

Halafu na yeye ana woga wake. Uani hathubutu kukaa mchana kwa sababu ya kunguru. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, wanatoka India. Miaka ya 1890 waliletwa Unguja ili wale taka za mji. Walipomaliza taka sijui, ninachokijua ni kwamba wamefika Tanga na wanamvuta paka wangu mkia. Mmoja anatua mbele kumshughulisha, mwenzake anakuja kwa nyuma, anavuta, wanacheka wote wawili. Mgambo anaingia ndani mbio, anajificha nyuma ya cherehani.

Tuje usiku. Taa zikizimwa tu, shughuli inaanza. Panya wengi hawachimbi shimo, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Hawa wangu wamechimba na wamelisakafia. Kuna mmoja kazi yake ni kuviringisha kitu, nadhani kokwa la embe, kutoka usawa wa kitanda changu mpaka usawa wa choo, kisha analirudisha. Gurugurugurugu, kimya, gurugurugurugu. Anafaidika nini? Hakuna anachokula, hakuna anachojenga. Na Mgambo muda huo kalala miguuni pangu, sikio moja linageuka kufuata lile kokwa, linakwenda, linarudi. Yaani anasikia. Anasikia vizuri kuliko mie. Ameamua tu kwamba halimhusu.

Kijana wangu anayejifunza kushona hulala ukumbini kwenye mkeka. Siku moja kaamka anachechemea, kisigino kimeguguniwa ngozi ngumu yote, nyekundu imebaki inametameta. Hakuhisi kitu. Watu wazima husema panya anang'ata huku anakupuliza, ndiyo maana huamki. Mgambo alikuwa kalala kwenye mkeka huohuo! Namuuliza kijana, "Wewe na huyu mwenzio hamkuona mtu?" Kijana ananitazama, paka ananitazama.

Watu wote wanaopita barazani wana ushauri mmoja: weka sumu. Na hapa ndipo ninapoomba mnielewe, maana mwenye nyumba isiyo na paka hawezi kuujua mtihani huu. Yule muuza dawa anayepita na baiskeli na kipaza sauti, panya, mende, kunguni, viroboto, nilimsimamisha.

"Kaka, hii dawa yako nna paka ndani, haimdhuru?"

"Haimdhuru kabisa, ilimradi asile panya."

Nikafurahi. Nikamwambia basi wangu yuko salama kuliko paka wote wa mkoa huu, nipe pakiti mbili. Lakini mke wangu alikuwa dirishani, na yeye huwa anasikia anachotaka kukisikia. Akatoka. Akamuuliza yule kijana panya akila anakufa papo hapo? Akajibiwa hapana mama, inachukua siku kadhaa, damu yake inakuwa haigandi, anaishiwa nguvu polepole. "Kwa hiyo siku hizo zote anapepesuka humu ndani?" Anapepesuka mama. Mke wangu akanigeukia. Panya mzima Mgambo hampati, lakini wa kupepesuka? Atampata. Itakuwa mara yake ya kwanza maishani kukamata panya na ndiyo itakayomuua. Na mama mkwe kule Pangani utampigia simu wewe?

Pakiti zikarudishwa.

Kwa hiyo sumu haiwekwi, kisa paka. Mtego ule wa kufyatuka, wa ubao na chuma, hautegwi, kisa kiganja cha paka. Dagaa hawaachwi wazi, kisa paka, siyo kisa panya! Ukikaa ukafikiri utaona huyu mnyama si adui wa panya, ni wakili wao. Nikimfukuza mimi, mke wangu anapandisha sauti. Wakifukuzwa wao, hakuna wa kuwafukuza.

Kijana akaona mie nasitasita, akachukua hatua. Kaenda zake Mgandini, karudi na ubao wa gundi ya panya, akautandaza chini ya meza ya kukatia na katikati akaweka dagaa mmoja. Sasa wewe mtu na akili zako, kwenye nyumba yenye paka, unategea dagaa?

Alfajiri nasikia kishindo. Mgambo kakanyaga kwa mguu mmoja wa mbele; kataka kujinasua kwa wa pili, ikawa miwili; kakaa chini kutafakari, na mkia ukaingia. Alipochomoka akachomoka na ubao. Akaruka juu ya meza, na juu ya meza kulikuwa na dera la bibi mmoja wa Makorora, limebakia kutiwa pindo tu liende. Likamganda mgongoni, likashuka naye. Mie nilipofungua mlango wa chumba, nililoliona ni dera la maua ya zambarau linakimbia ukumbini peke yake, halina mtu ndani, linalia. Mke wangu nyuma yangu akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya juu. Kijana akapanda juu ya cherehani.

Gundi ile haitoki kwa maji wala sabuni, inataka mafuta ya kula. Tulimshika watu watatu, mmoja kichwa, mmoja miguu, mmoja anapaka na kusugua, na mafuta yaliyokuwa ya vitumbua vya asubuhi yakaishia kwenye mkia wa paka. Vitumbua hatukula. Mgambo akabaki ananukia jiko la mama lishe, na wallahi usiku ule nilimwona panya mmoja akimnusa nyuma taratibu, akamfuata mpaka mlangoni, naye Mgambo anatembea tu. Lile dera sitaki kulizungumzia. Mwenyewe bado anapita barabara ya pili, na mie bado nasalimia kwa mbali.

Mpwa wangu yuko chuoni, akija likizo huja na majibu. "Mjomba, usimlaumu Mgambo. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2018, walitega kamera New York kwenye kiwanda cha taka chenye panya tele na paka wa mitaani. Siku 79 za kuangalia, paka waliua panya wawili." Wawili! Eti paka anapenda vitu vidogo, kipanya, ndege. Panya aliyekomaa ana meno na ana hasira, na paka si mjinga. Nikamwambia anyamaze haraka, Mgambo alikuwa chini ya kiti anasikiliza.

Mpwa huyohuyo akanipa habari za Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania hii hii, alipelekwa Kambodia kutafuta mabomu, na mwaka 2020 Waingereza wakamvika nishani ya dhahabu. Alikuwa na uzito mdogo, akikanyaga bomu halilipuki. Sasa ndugu yangu, mwenzangu panya wake alikuwa na kazi, alipata medali, na alisafiri kwa ndege. Wa kwangu anaviringisha kokwa. Mpwa alisisitiza kwamba buku ni ukoo mwingine, wa darini kwangu ni panya wa kawaida wa nyumbani. Haya. Lakini pua anayo! Nazi niliyoifunika kwa kawa, juu ya kawa sinia, juu ya sinia kinu, aliinusa akaifikia. Kipaji kipo, kinachokosekana ni kocha.

Utani ulipungua kidogo mzee mmoja jirani aliposikia habari ya kisigino. Yeye aliishi Lushoto, na Lushoto tauni ilipiga hodi mwaka 1980, ikawa inakwenda na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Anasimulia huku anatazama dari yangu: panya anaugua, anakufa, viroboto wake wanakosa mwenyeji, wanahamia kwa binadamu. Mpwa naye asibaki nyuma, akatia homa ya mgunda, ile iliyoleta taharuki Ruangwa mwaka 2022, vimelea vyake hutoka na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Mke wangu akainuka, akafunika mtungi, akafunika sufuria, akamwaga maji ya ndoo ambayo mie nilitaka kuogea. Kisha akasema, "Sasa unaona umuhimu wa Mgambo?"

Sikujibu. Ndoa ni kujua pa kutojibu.

Nikaamua kwenda taratibu, bila sumu, bila gundi. Kwanza matundu. Panya ana meno yasiyoacha kukua, lazima agugune, kwa hiyo tambara ukiliziba tundu umempa kifungua kinywa. Dawa ni ule waya wa kusugulia sufuria, unaukunja, unausindika tunduni, juu yake saruji. Nikaziba pembe zote za ukumbi, na nafasi iliyokuwa kati ya bomba la maji na ukuta. Kazi nzuri, isipokuwa wale waliokuwa ndani wakati naziba nao wakabaki ndani, na walinilaumu usiku kucha.

Ndipo nikamwendea fundi chuma akanichomelea mtego wa kizimba, mlango unajifunga kwa nyuma, ndani kipande cha nazi ya kuchoma. Nazi mbichi haina nguvu, ichome inukie. Na usikimbilie kutega. Panya anaogopa kitu kigeni, anakizunguka, anakichunguza, anapeleka ripoti. Unaacha mlango wazi kwanza, ale, azoee, alete na wenzake. Kila usiku nazi yangu ikawa inaliwa bure, mke wangu ananiuliza kama nimefungua hoteli. Mgambo naye kile kizimba akakipenda, akakigeuza kitanda chake. Analala juu yake, mkia umening'inia mlangoni, panya wanausogeza pembeni ili wapite.

Siku niliyotega, asubuhi nikasikia vigelegele. Nikatoka na msuli tu. Ndani ya kizimba panya, dume, jitu zima, mwenye shingo. Juu ya kizimba Mgambo, ndiyo kwanza anaamka, anapiga miayo. Mbele ya kizimba mke wangu na simu, anapiga picha, na majirani wawili wameinama.

"Mgambo kamkamata! Tazameni, na bado anamlinda!"

Nikasema jamani, huo mtego. Nazi nilichoma mie. Mwenye kuchomelea yupo, tumwite. Jirani akaniambia, "Fundi, usimwonee mnyama." Kijana wangu, ambaye mie ndiye ninayemlisha, akasema hata yeye usiku alisikia Mgambo akipambana.

Picha ikaenda kwenye kundi la ukoo kabla sijavaa shati. Mama mkwe kajibu kwa sauti, dakika mbili nzima za dua na sifa, eti paka wa Pangani hawana mfano, na mwisho katuma na pesa kwenye simu ya binti yake: "Mpeni mwanangu samaki."

Hela ikatolewa, mie nikapewa kikapu na baiskeli, niende Deepsea kabla wavuvi hawajamaliza kuuza. Nimeagizwa changu, mbichi, wa saizi ya sahani. Nikauliza, na sisi? Nikaambiwa dagaa wa jana wapo, chini ya kawa, na nisiwachukue wote maana Mgambo hupenda kuonja kabla ya kulala.