Mbweha wa Ujerumani hana mwenyewe, mbwa wa Molo anaye

Nimeishi miaka tisa katika mji mdogo ulio chini ya milima ya Schwäbische Alb, kusini mwa Ujerumani. Kiangazi cha kwanza, nilipokuwa nikitembea msituni na mwenzangu wa kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, niliinama nikachuma matunda madogo meusi yaliyokua karibu na ardhi. Alinishika mkono kabla sijayatia mdomoni, akaniambia kwamba huenda mbweha amepita hapo. Mimi niliyelelewa Molo, Kenya, nikisikia fisi usiku niliangua kicheko, kwani sikuona jinsi mnyama mdogo kama yule, tena asiyekuwepo, angeweza kunidhuru.

Alichokuwa akikihofia ni tegu wa mbweha, mnyoo ambaye akikomaa urefu wake ni milimita chache tu. Mbweha mwenyewe ni yule mwekundu wa Ulaya, si bweha wa mgongo mweusi anayelia usiku kwenye Bonde la Ufa, ingawa wengi wetu huwaita wote wawili kwa jina moja. Tegu hao huishi ndani ya utumbo wake kwa wingi bila kumsumbua sana, na mayai yao hutoka pamoja na kinyesi, yakamezwa na panya wa mashambani wanaokula nyasi. Ndani ya panya, mayai huanguliwa na kulishambulia ini, na mbweha anapomla panya huyo mzunguko huanza upya. Binadamu hana nafasi katika mzunguko huo. Huingia kwa bahati mbaya tu, pale anapomeza mayai yaliyoshika kwenye mikono, mboga au manyoya ya mbwa. Hata hivyo, akishaingia hulipa sana, kwa sababu kiluwiluwi cha tegu hulila ini polepole kama saratani, kwa miaka mitano, kumi au hata kumi na mitano, kabla mtu hajajua kwamba anaumwa. Kwa sababu ya muda huo mrefu, ni vigumu mno kusema mgonjwa fulani aliyapata mayai wapi, na ndiyo maana siwezi kuapa kwamba yale matunda yangeniponza.

Wagonjwa wanaogunduliwa Ujerumani kwa mwaka ni makumi tu, nayo ni nchi ya watu zaidi ya milioni 80. Zamani ugonjwa huu uliua wengi wa walioupata. Leo wapo madaktari waliobobea kwao, kwa mfano katika hospitali ya chuo kikuu cha Ulm, ambao hukata sehemu iliyoharibika ikiwezekana, na isipowezekana humpa mgonjwa vidonge vya albendazoli, pengine kwa maisha yake yote. Bima ndiyo hulipa. Nikilinganisha na nyumbani, hapo sina la kubishana: mtu wa Kuresoi akipewa agizo la kumeza vidonge kila siku hadi kufa na kupigwa picha za ini kila mara, ukoo mzima utaitisha harambee, na harambee ya pili haitajaza bakuli.

Lakini katika kuuzuia ugonjwa wenyewe, Wazungu hawajatushinda kama tunavyodhani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Uswisi, kisha Ujerumani, zilitawanya vyambo vyenye chanjo ili mbweha wasiambukizwe kichaa cha mbwa, na kazi hiyo ilifaulu hadi Ujerumani ikatangazwa mwaka 2008 kwamba mbweha wake hawana tena kichaa hicho. Mbweha waliokuwa wakifa kwa kichaa sasa wakaishi, wakaongezeka, wakahamia mijini kula takataka na matunda yaliyoanguka bustanini, na tegu wao wakahama nao. Wengine walifikiri dawa ni bunduki. Huko Nancy, Ufaransa, waliwaua mbweha mamia kadhaa kwa miaka minne, na mwishowe kiwango cha mbweha wenye tegu kikapanda kutoka asilimia 40 hivi hadi 55, kwa kuwa maeneo yaliyoachwa wazi yalijazwa na mbweha vijana, na vijana ndio wenye tegu wengi zaidi. Njia iliyofanya kazi ni kutawanya vyambo vyenye dawa ya prazikwanteli, kama walivyofanya karibu na ziwa la Starnberg, mwezi baada ya mwezi, kwa ndege na kwa mikono. Tegu walipungua sana, ila mahali vyambo vinapoachwa kutupwa, tegu hurudi. Nani atamlisha dawa kila mbweha wa Ulaya, milele? Basi wamebaki na kunawa mikono, kupika mboga za porini, na kumpa dawa kila mwezi mbwa anayewinda panya. Kugandisha matunda kwenye friji ya nyumbani hakusaidii, maana mayai hayo hustahimili baridi hiyo. Kinachoyaua ni moto.

Niliyaelewa haya yote vizuri zaidi niliporudi Molo Desemba mbili zilizopita. Baba Mdogo alichinja kondoo wa sikukuu, na tulipopasua tumbo tukakuta ini lina vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vingine ukubwa wa limau. Alifanya kile ambacho baba yake alifanya na ambacho mimi mwenyewe nimewahi kufanya: alikata sehemu mbaya, akaitupa kwa mbwa waliokuwa wakingoja chini ya ua wa misaiprasi, na sehemu nzuri ikaenda jikoni.

"Baba Mdogo, hiyo ungeichoma," nilimwambia.

"Kwani mbwa atakula nini, mwanangu? Wewe siku hizi umekuwa Mzungu, hata maini unayaogopa."

Nilinyamaza kwa sababu ya wageni, lakini hapo ndipo kosa letu lote lilipo. Vifuko vile ni vya tegu wa mbwa, ndugu wa yule wa mbweha, ambaye badala ya panya hutumia kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Tunadhani hatari ni kula ini lile, kumbe mtu hawezi kuambukizwa kwa kulila. Anayeambukizwa kwa kulila ni mbwa, naye baada ya majuma sita hivi huanza kumwaga mayai uani, kwenye sukumawiki, na kwenye mikono ya watoto wanaomkumbatia. Kwa hiyo sehemu tuliyoitupa kwa kujihadhari ndiyo hasa inayorudi kwetu, baada ya miaka mingi, kama uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu ya mtu.

Watu wa kwetu husema kwamba huo ni ugonjwa wa Turkana. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 kaskazini mwa Turkana kulipatikana viwango vilivyokuwa miongoni mwa vya juu zaidi duniani, na shirika la afya la AMREF lilianza kazi ya kuudhibiti huko mwaka 1983, kwa upasuaji, elimu na kuwapa mbwa dawa. Lakini kondoo wa Baba Mdogo hakutoka Lodwar huko Turkana. Alizaliwa hapo hapo Molo, akala nyasi za hapo hapo, na mbwa aliyemwambukiza alikuwa na jina.

Hoja yangu ni kuhusu hilo jina. Mbweha wa Ujerumani hana mwenyewe. Huwezi kumwita, kumfunga kamba wala kumchungulia mdomo kuona kama amemeza kidonge. Mbwa wa Molo ana mwenyewe, na hata yule anayezurura karibu na kichinjio anazurura kwa sababu ua umebomoka na hakuna aliyeufunga. New Zealand ilikuwa na tegu huyu huyu wa mbwa na kondoo wengi kutushinda. Kuanzia 1959 waliweka sheria na kuwazuia mbwa kula matumbo mabichi, baadaye wakawa wanawapa dawa kila majuma sita, na mwaka 2002 wakatangaza, kwa tahadhari, kwamba wameumaliza. Wafugaji wa Turkana wanahama, kwa hiyo kuwafuata mbwa wao kila majuma sita ni kazi ngumu kweli. Sisi wa Molo, Njoro na Elburgon hatuhami. Prazikwanteli inauzwa katika agroveti, na shimo la kutupia ini bovu linahitaji jembe na nusu siku.

Mwaka huu sikwenda. Siku ya pili ya sikukuu binamu yangu alinitumia picha: Baba Mdogo amesimama kando ya shimo lililofunikwa kwa bati na jiwe juu yake, na mbwa watatu wameketi wakilitazama lile jiwe. Chini yake alikuwa ameandika kwamba mzee anauliza dawa ya mbwa hupimwa kwa uzito au kwa umri. Nilimjibu kwamba ni kwa uzito, na kwamba ampime mbwa mkubwa kwa ile mizani ya viazi.