Ajali Haina Kinga, Lakini Kichwa Kinayo

Jumamosi iliyopita, mafunzo yalipomalizika, mwalimu wetu wa kupanda farasi alivua kofia yake ngumu, akaitundika kwenye kigingi cha uzio, kisha akapanda tena ili amtembeze farasi polepole mpaka jasho limkauke. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, na sijawahi kusema neno. Safari hii nilikuwa nimesimama kando ya mwanafunzi wake, binti wa miaka tisa hivi, ambaye bado alikuwa juu ya farasi wake mdogo. Binti alimtazama mwalimu, akapeleka mkono kidevuni, akafungua ukanda, naye akaivua yake. Hakuna aliyemwagiza. Nilipomwendea mwalimu na kumweleza kwa heshima nilichokiona, alinijibu kwa maneno matatu ambayo sote tumeyasikia hospitalini na misibani: "Ajali haina kinga."

Nimekua na usemi huo na ninaujua kazi yake. Ni wa kumfariji mtu aliyekwisha kufikwa, ili asijilaumu kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwake. Haukukusudiwa kuwa ruhusa ya kuacha kujihadhari kabla ya jambo lenyewe kutokea. Ni kweli kwamba ajali haizuiliki: farasi atashtushwa na mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, atakwepa ndege aliyeruka ghafla kichakani, atajikwaa mahali ambapo amepita mara elfu. Lakini kinachogonga ardhi ni fuvu, na fuvu lina kinga, tena wakati ule tulipokuwa tukizungumza ilikuwa inaning'inia kwenye kigingi, hatua tatu kutoka alipokuwa.

Ninaloliona kuwa chanzo cha kosa hili ni imani kwamba hatari inatokana na mbio. Watu wanavaa kofia wanapokwenda shoti na wanaporuka vizuizi, halafu wanaivua wanapotembea, kana kwamba ardhi hulainika farasi anapopunguza mwendo. Hebu tupige hesabu. Mtu aliyeketi juu ya tandiko la farasi wa kimo cha kawaida, kichwa chake kiko karibu mita mbili na nusu kutoka chini. Kitu kikianguka kutoka kimo hicho, hata farasi akiwa amesimama tuli, kitafika chini kikiwa na kasi ya karibu kilomita 25 kwa saa. Kasi hiyo haitoki kwa farasi bali kwenye kimo, na kimo hakipungui kwa sababu mafunzo yamekwisha au kwa sababu farasi ni mpole. Tabaka la povu gumu lililo ndani ya kofia hupondeka linapogongwa, na katika kupondeka huko hukipa kichwa sentimita moja au mbili za kupunguzia kasi yake, badala ya kukiacha kisimame ghafla juu ya jiwe. Sentimita hizo ndizo kofia yote. Ganda la nje, rangi na mapambo si chochote bila hizo.

Anayeamini kwamba ustadi unatosha na aufikirie mkasa wa Courtney King-Dye, mpanda farasi wa Marekani aliyeshiriki Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008 katika dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi bila kuruka vizuizi. Mwezi Machi mwaka 2010 alikuwa mazoezini huko Florida, bila kofia ya kinga, farasi wake alipojikwaa na kuanguka naye. Hakukuwa na kizuizi cha kuruka wala mashindano. Fuvu lake lilipasuka, akapoteza fahamu kwa takriban mwezi mmoja, na alipozinduka alilazimika kujifunza upya kutembea na kuzungumza. Tangu hapo amekuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa kofia hizi. Nikifikiria mikono iliyofundishwa kwa miaka mingi kushika hatamu kwa ulaini wa namna ile, kisha kwato moja ikakosea hatua, ninashindwa kabisa kuwaelewa wanaosema kwamba kofia ni ya wanaoanza.

Wapo wanaonikumbusha Malkia Elizabeth wa Uingereza, ambaye mwaka 2020, akiwa na miaka 94, alipigwa picha akipanda farasi huko Windsor akiwa amejifunga kitambaa tu kichwani. Ninamheshimu kwa mapenzi yake kwa farasi, lakini mtu mmoja aliyesalimika hawezi kuwa ushahidi, kwa sababu wale ambao hawakusalimika hawapo kutuonyesha picha zao.

Na hoja ya urembo imekwisha kujibiwa uwanjani. Kwa miaka mingi wapanda farasi wa dresaji wa ngazi ya juu walivaa kofia ndefu nyeusi za sherehe, zisizokinga chochote, na ikaaminika kwamba bila hizo mchezo ungepoteza heshima yake. Mwingereza Charlotte Dujardin alivaa kofia ngumu katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na akashinda medali ya dhahabu akiwa juu ya farasi aitwaye Valegro. Kuanzia mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi limeifanya kofia ya kinga kuwa lazima katika dresaji pia, na mchezo umebaki na heshima yake yote.

Ninakubali, ingawa si kwa furaha, kwamba kofia ina mipaka. Christopher Reeve, mwigizaji wa filamu za Superman, alikuwa ameivaa mwaka 1995 farasi wake alipogoma mbele ya kizuizi. Ilimkinga kichwa, lakini haikuweza kumkinga shingo, na alipooza. Ninakubali pia kwamba kofia hizi huleta joto. Vilevile isiyofungwa ukanda ni mzigo tu, na ya baiskeli haifai, kwa kuwa ya farasi hushuka zaidi kisogoni na hujaribiwa kwa kugongwa na kitu chenye ukingo mkali kama wa kwato.

Mipaka hiyo ninaijua kwa mwili wangu. Miaka minne iliyopita farasi niliyemwamini kuliko wote alijikwaa tukiwa tunatembea, mita chache kutoka bandani, tukirudi. Nilipitia begani mwake na kichwa changu kikagonga boriti ya uzio. Niliinuka mwenyewe, nikatapika, na kwa siku kumi na mbili sikuweza kustahimili mwanga wa dirishani. Kwa hiyo sitadai kwamba kofia ilinitoa salama salimini. Lakini nilipopata nguvu ya kuichunguza, nje niliona mkwaruzo mmoja tu, usiozidi urefu wa ukucha, kiasi kwamba ningeweza kuendelea kuivaa bila yeyote kushuku. Nilipoubandua ule utando wa kitambaa wa ndani, nilikuta ufa umepita kutoka juu ya sikio hadi kisogoni, na pembeni yake povu limebonyea kiasi cha kidole gumba kuzama. Nililigusa shimo lile kisha nikagusa mahali panapolingana nalo kichwani mwangu, mfupa mzima, ngozi nzima, nikakaa chini kwenye majani makavu na kulia. Povu likishapondeka halirudi, na ndiyo maana kofia iliyokwisha kuanguka na mtu haifai kuvaliwa tena hata kama inang'aa.

Nilinunua nyingine, lakini ile sikuitupa. Mwalimu wangu ni mtu mwema ambaye hajawahi kumruhusu mwanafunzi kukanyaga kikuku cha tandiko kabla ya kukagua ukanda wa kidevu chake, na ninaamini hakujua kuwa kuna macho yaliyokuwa yakimfuata alipoivua yake. Nimemwomba idhini, naye, baada ya kimya kirefu, amenipa. Jumamosi ijayo nitaikata kofia ile katikati kwa msumeno na kuigongomea nusu yake kwenye uzio, juu ya kigingi kile kile, upande uliopasuka ukitazama nje, kwa kimo ambacho binti wa miaka tisa aliye juu ya farasi mdogo anaweza kulifikia lile shimo kwa kidole chake.