Karnivali ya London mnalaiki, mdundiko wa Mtoni mnauitia polisi

Wiki ya pili tangu nirudi na bado nina hasira na watu wanaoangalia status yangu.

Iko hivi. Agosti nilikuwa London kwa rafiki zangu wawili niliosoma nao, Jumatatu ile ya mwisho wa mwezi ambayo kule ni sikukuu wakanipeleka Notting Hill Carnival. Nikajirekodi nacheza nyuma ya lori la muziki, besi inagonga mpaka chai ya asubuhi inatikisika tumboni, nikaposti. Weee! "Wenzetu wanajua kula bata." "Kuzaliwa huku ni bahati mbaya." Halafu jirani yetu kabisa wa Mtoni kaandika eti "wenzetu wanaenzi utamaduni wao". Huyo huyo mwezi wa sita nyumba ya tatu toka kwake walikuwa wanatoa mwali, mdundiko, ile ngoma ya kutembea, ukapita mtaani, akawa wa kwanza kupiga simu kituoni. Uhuni, alisema.

Sasa mimi kule nimeona nini? Ngoma inatembea na watu wanaifuata. Basi! Manyoya na vile vichupi vya kumetameta ni nakshi tu. Unafuata bendi unakuja kushtuka hujui uko mtaa gani, simu haishiki, wenzio huwaoni, na wala hujali. Mtoto wa Temeke gani haijui hiyo hali? Nina miaka kama nane niliufuata mdundiko toka kwa Azizi Ali nikaja kushtukia niko Mbagala, nimerudishwa jioni na mama muuza maandazi, nikachapwa, na ungepita kesho yake ningeufuata tena.

Mama mkwe wa rafiki yangu mmoja ni wa Trinidad, kisiwa cha Karibiani, ndo alinieleza habari za zile pan, yale mapipa wanayopiga. Mwingereza aliwabania ngoma zao miaka ya 1880, wakaenda kukata mianzi wakawa wanaitwanga chini, baadae wakageukia makopo na mapipa ya mafuta wakayagonga mpaka yakatoa noti. Na hapo London penyewe, 1958 weusi waliohamia toka visiwa vya Karibiani walipigwa na magenge ya wazungu mitaani Notting Hill, Januari 1959 mwanaharakati Claudia Jones, naye mzaliwa wa Trinidad, akaandaa karnivali ndani ya ukumbi, barabarani ikaja kutoka 1966. Yani huo "utamaduni wao" ni wa watu walioambiwa kelele zenu hatuzitaki. Kwa maneno ya jirani, wahuni.

Saa tisa alasiri muziki wote ukazimwa, sekunde 72, kwa ajili ya watu 72 waliokufa kwenye moto wa jengo la Grenfell 2017, liko karibu tu na hapo. Umati ule wote kimya, nasikia mtoto analia huko mbali. Nililia na mimi, nisiseme uongo.

Haya, nakubali, mdundiko una vibaka, na usiku wa manane ukiwa na mgonjwa ndani si mchezo. Kwani kule vibaka hawapo? Maduka yamepigwa mbao madirishani, polisi maelfu. Ila wale polisi wanafunga barabara ngoma ipite, na saa moja jioni muziki unakatwa watu wakalale. Kinachotushinda hapo ni nini? (Vyoo vimewashinda hata wao, nililipia cha nyumbani kwa mtu, nje kaweka kibao cha bei kama duka.) Na sisi barabara mbona tunafunga kila siku, msafara ukipita tunasimama nusu saa juani, sijasikia mtu kapiga simu kituoni.

Jirani nikamjibu, nikamwambia karibu Desemba, mpwa wangu anatolewa, ngoma inaanzia mlangoni kwetu saa kumi jioni.

Tiki mbili za bluu. Kimya mpaka leo.